Swali Lisilojibiwa: Kitabu cha Yona kama Hadithi Fupi na Historia ya Wasomaji Wake

Mwaka jana katika darasa la Agano la Kale niliandika ubaoni maneno ambayo kila aliyepita shule ya sekondari ameyazoea: mandhari, wahusika, msuko wa matukio, matumizi ya lugha, dhamira. Juu yake nikaandika jina la nabii Yona. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, aliyekuwa mwinjilisti kwa miaka mingi kabla ya kuja chuoni, aliinua mkono akauliza kwa heshima, ingawa uso wake ulionyesha kwamba ameumia: "Mwalimu, haya ndiyo maneno tuliyotumia kuchambua riwaya za mtihani wa kidato cha nne. Tukimpima nabii kwa kipimo hicho hicho, je, hatujakiri tayari kwamba kitabu chake ni hadithi ya kubuniwa tu?"

Darasa lilinyamaza, nami nilimjibu kwa maneno machache ambayo hayakumridhisha. Makala hii ni jibu refu zaidi. Haikusudii kuamua kama tumbo la samaki linaweza kumhifadhi mtu kwa siku tatu. Inakusudia kuonyesha, kwa njia ya historia, yaliyowapata wasomaji wa kitabu hiki walipoipita sanaa yake bila kuitazama. Hoja yangu ni hii: msimulizi wa Yona ameficha mambo mawili kwa makusudi. Ameficha hadi sura ya nne sababu ya nabii kukimbia, na ameficha moja kwa moja jibu la nabii kwa swali la Mungu. Karne baada ya karne wasomaji wameyaziba mapengo hayo kwa haraka, na kila walipoyaziba walimgeuza Yona kuwa mtu mwingine, asiye wao.

Wala neno "hadithi" lisitutishe. Nathani alipomweleza mfalme Daudi habari ya maskini na mwana-kondoo wake mmoja, Daudi hakuuliza maskini yule aliishi kijiji gani. Alikasirika, akatoa hukumu, na hukumu ikamrudia. Hadithi iliyosukwa vema ina mamlaka yake, na mamlaka hayo hayangoji tumalize mabishano yetu juu ya aina yake.

Hadithi yenyewe

Kitabu kizima kina aya 48. Vitabu vingine kumi na kimoja vya manabii wadogo kwa sehemu kubwa ni mikusanyo ya maneno waliyoyatangaza. Kitabu cha Yona ni simulizi juu ya nabii, na mahubiri yake yote kwa watu wa Ninawi ni maneno matano tu katika Kiebrania. Mtu mwenyewe anatajwa katika 2 Wafalme 14:25 kuwa mwana wa Amitai kutoka Gath-heferi, nabii wa siku za Yeroboamu wa Pili, katika karne ya nane kabla ya Kristo. Wataalamu wengi, hata hivyo, wanaiweka simulizi hii katika kipindi cha baada ya uhamisho.

Hapo ndipo mandhari inapopata uzito wake. Ninawi ulikuwa mji mkuu wa Ashuru, kando ya mto Tigri, ng'ambo ya mahali ulipo mji wa Mosul leo. Ashuru ndiyo iliyoiangamiza Samaria yapata mwaka 722 K.K., na Ninawi wenyewe ukaanguka mikononi mwa Wababeli na Wamedi mwaka 612 K.K. Msomaji wa kwanza aliyajua yote mawili. Aliposikia kwamba Yona ametumwa Ninawi, hakusikia jina la mji wa kigeni tu. Alisikia jina la waliowachinja babu zake, na tena jina la mji ambao sasa ni magofu. Tarshishi, kwa upande mwingine, ulikuwa mbali magharibi, baharini. Nabii aliagizwa kwenda mashariki kwa miguu akapanda merikebu ya kwenda magharibi. Katika aya tatu za kwanza ramani yenyewe imekwisha kutusimulia ugomvi.

Wahusika wapangwe mstari mmoja, jambo la ajabu litaonekana. Katika wanadamu wote wa hadithi hii ni Yona peke yake mwenye jina. Nahodha, mabaharia, mfalme wa Ninawi na wakuu wake hawatajwi kwa majina. Nao wasio na majina ndio wanaotenda vema kila mara. Mabaharia wapagani wanaomba wakati mtumishi wa Mungu wa mbinguni amelala. Wanajitahidi kupiga makasia ili wasimtupe baharini mtu aliyekiri kwamba yeye ndiye chanzo cha maangamizi yao. Mwishoni wanatoa dhabihu na kuweka nadhiri. Mfalme anashuka katika kiti chake na kuketi majivuni. Hata ng'ombe na kondoo wanavishwa magunia. Upepo, samaki, mmea na buu wanatii bila kusita. Mwasi ni mmoja tu, naye ndiye aliyekariri katekisimu yake barabara. Hiki ndicho kinaya, na msimulizi hakikazii. Anakiacha kifanye kazi chenyewe, kama bibi anayesimulia jambo la kuchekesha bila kucheka.

Lugha nayo yafaa isikike kwa masikio ya Kiebrania. Neno la "kushuka" linarudi: Yona anashuka Yafa, anashuka ndani ya merikebu, anashuka hadi chini ya sitaha, na katika sala yake anasema ameshuka hadi misingi ya milima. Neno la "kubwa" linatokea mara 14: mji mkubwa, upepo mkubwa, hofu kubwa, samaki mkubwa. Kitenzi cha "kuamuru" au "kuweka tayari" kinarudi mara nne, kwa samaki, kwa mmea, kwa buu na kwa upepo. Lililo zito kupita yote ni neno la "ubaya", raa. Linaeleza uovu wa Ninawi, kisha msiba wa mabaharia, kisha maangamizi ambayo Mungu aliyaghairi. Mara tu ubaya unapoondoka Ninawi, aya inayofuata inasema umemwingia Yona: jambo lile lilikuwa ovu kwake, uovu mkubwa. Ubaya haukutoweka, umehama kutoka mji wa kipagani ukatua moyoni mwa nabii. Tafsiri zetu, kwa kuandika hapa "uovu", pale "maafa", na kwingine "kuchukizwa", zimetuficha safari ya neno hilo. Siwalaumu watafsiri. Kiswahili kizuri kina madai yake, lakini mhubiri ajue kilichopotea njiani.

Tuje kwenye msuko. Hadithi ina nusu mbili zilizosimama kama nguzo za mlango. Kila nusu inaanza kwa neno la Bwana kumjia Yona, kila nusu ina wapagani wanaoomba na kiongozi wao asiye na jina, na kila nusu inamalizika Yona akiwa peke yake na Mungu. Nusu ya kwanza inatuambia kwamba nabii alikimbia lakini haituambii kwa nini. Msomaji anabaki kukisia kwamba aliogopa kuuawa, au safari ilikuwa ndefu, au alijiona hafai kama Yeremia. Makisio hayo yote yanampa Yona heshima. Ndipo katika 4:2, baada ya Ninawi kusamehewa, Yona anafungua kinywa na kuturudisha nyuma hadi nchini kwake, siku ile ya kwanza: hili ndilo nililolisema nilipokuwa kwetu, ndiyo sababu nilikimbia, kwa maana nilijua. Alijua nini? Analeta karibu neno kwa neno ungamo la Kutoka 34, la Mungu mwenye neema na huruma, asiye mwepesi wa hasira. Hakukimbia kwa kumwogopa Ninawi. Alikimbia kwa sababu alimjua Mungu. Waandishi wa leo huiita mbinu hii urejeshi, na sijui hadithi nyingine ambamo urejeshi unamvunja msomaji kiasi hiki, kwa sababu maneno ambayo kwetu ni wimbo wa sifa, kinywani mwake ni mashtaka.

Kisha Mungu anajibu. Hapa nawaomba wanafunzi wanaosoma Kiebrania wahesabu wenyewe. Maneno ya Yona katika 4:2-3, ukiondoa utangulizi wa msimulizi, ni 39. Maneno ya Mungu katika 4:10-11, ukiondoa utangulizi, ni 39 vilevile. Mlalamikaji amepewa nafasi sawa na Mwenyezi, neno kwa neno. Tofauti ni kwamba hotuba ya Mungu ni swali, nalo linataja zaidi ya watu elfu mia na ishirini wasiojua kutofautisha mkono wa kuume na wa kushoto, na mwishoni kabisa wanyama wengi. Hapo kitabu kimekwisha. Kitabu cha Nahumu, ambacho nacho kinahusu Ninawi, kinamalizika kwa swali pia. Lakini swali la Nahumu linauliza kwa furaha ni nani ambaye hakuonja ukatili wa mji ule. Kanuni ya Maandiko imeyaweka maswali hayo mawili karibu, na kitabu cha Mika peke yake katikati yao.

Ghasia za Oea

Sasa tuwatazame wasomaji. Jerome alifasiri Agano la Kale moja kwa moja kutoka Kiebrania akiwa Bethlehemu, na alipofika 4:6 alikuta mmea uitwao kikayoni. Tafsiri ya Kiyunani ya Sabini ilikuwa imeuita mtango au mboga ya jamii hiyo, na Kilatini cha zamani kilifuata. Jerome aliuona kuwa mmea wa Palestina wenye majani mapana, unaoota upesi na kusimama kwa shina lake. Kilatini hakikuwa na jina lake, akaamua kuuita mtambaa ambao Warumi waliuita hedera, kama watafsiri fulani wa Kiyunani waliomtangulia. Wengi leo hudhani ulikuwa mnyonyo, au mbarika kama wengine wanavyouita, ule uotao nyuma ya nyumba zetu na kando ya mazizi.

Mwaka 403 Augustino alimwandikia Jerome barua kutoka Hippo akimweleza yaliyotokea Oea, mji ambao leo ni Tripoli nchini Libya. Askofu wa huko aliruhusu tafsiri mpya isomwe kanisani. Msomaji alipofika kwenye neno hilo moja, watu walifanya ghasia, hasa Wayunani, wakipiga kelele kwamba Maandiko yameghushiwa. Askofu alilazimika kuwauliza Wayahudi wa mji, nao wakajibu kwamba neno la zamani ndilo sahihi. Akalirekebisha, asije akabaki bila kundi. Jerome alijibu kwa ukali na kwa dhihaka.

Kila ninapofundisha habari hii wanafunzi hucheka. Nami hucheka, kisha huwauliza: katika ghasia zile, ni nani aliyesikia aya tano zilizofuata? Mmea uliwekwa ili Yona aulilie, na kulia kwake kulipimwe dhidi ya mji mzima. Waumini wa Oea waliulilia mmea. Walifanya hasa alichofanya nabii, bila kujua, wakiwa wamekaa ndani ya sura ile ile. Biblia ya Union ya mwaka 1952, tukiwa kwenye hoja hii, imeuita mtango.

Ndugu zetu Waislamu wa pwani wanamjua nabii huyu kwa jina la Yunus, na katika Sura ya 37 ya Kurani pia kuna mmea wa jamii ya mtango. Lakini huko mmea unaota baada ya samaki kumtupa nabii ufukoni akiwa mgonjwa, kabla ya kutumwa kwa watu laki moja au zaidi, nao wakaamini. Naitaja tofauti hii kwa ajili ya somo letu la msuko tu. Tukio moja likihamishwa mahali, hadithi hubadilika dhamira: mmea uliotangulia ujumbe ni rehema kwa mgonjwa, mmea uliofuata ujumbe, kisha ukaliwa na buu, ni hoja dhidi ya mwenye afya.

Augustino na Luther

Augustino hakukomea kwenye mmea. Yapata mwaka 409, katika barua kwa padri Deogratias wa Karthago, alijibu maswali ya wapagani waliokuwa wakiicheka habari ya Yona. Aliutetea muujiza, kisha akafasiri kwa mafumbo: Yona mwenye huzuni nje ya mji ni mfano wa Israeli wa kimwili waliochukizwa na wokovu wa mataifa, kivuli cha mmea ni ahadi za Agano la Kale, buu ni Kristo. Ufafanuzi huo una werevu, na Kanisa lilijengwa na mengi ya Augustino. Lakini tuone kilichotendeka. Swali la mwisho, ambalo msimulizi aliliacha wazi limkabili kila asomaye, limepata mwenye kulijibu, naye ni Myahudi. Mkristo aliyesikiliza aliketi upande wa Ninawi, akiwa tayari amesamehewa.

Martin Luther alifundisha Yona kwa Kilatini huko Wittenberg mwaka 1525, na mwaka 1526 akachapisha ufafanuzi kwa Kijerumani, wakati nchi ilikuwa bado ina majeraha ya Vita vya Wakulima. Kwa maoni yangu, hakuna msomaji wa kale aliyemkaribia zaidi mtu huyu Yona. Luther anaingia naye tumboni mwa samaki na kuhesabu giza. Anawatazama mabaharia, kila mmoja akimlilia mungu wake, na kutoka hapo anafundisha kwamba akili ya mwanadamu inajua kuwa Mungu yuko lakini haijui ni yupi, kwa hiyo hucheza naye kama watoto wachezao wakiwa wamefungwa macho. Anakiri kwa mshangao kwamba huyu ni mtakatifu wa ajabu, anayekasirika kwa sababu Mungu amewahurumia wenye dhambi, na anafarijika kwamba Mungu alimvumilia. Aliyesema hayo aliyaona makosa ya watakatifu kama mtu anayeyajua ya kwake.

Hata hivyo, Luther naye alieleza kukimbia kwa Yona kwa wivu wa Mwisraeli dhidi ya mataifa, na njia ile ya Augustino ikabaki wazi kwa waliomfuata. Mwaka 1543 yeye mwenyewe aliandika dhidi ya Wayahudi maneno ambayo makanisa ya Kilutheri yameyakataa waziwazi, na ambayo mwalimu wa chuo cha Kilutheri hana ruhusa ya kuyaruka. Elias Bickerman, mwanahistoria Myahudi aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Columbia, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1967 jinsi usomaji huu ulivyotoka kwa mababa wa Kanisa, ukapita kwa Luther, ukaingia kwa wanazuoni wa karne ya 18 waliojiona wamekwisha kuachana na mafumbo. Walitupilia mbali buu aliye Kristo. Walimbakiza Myahudi mwenye chuki. Nao walikuwa wakisoma kitabu kilichoandikwa na Mwisraeli, kwa Kiebrania, kuwauliza Waisraeli wenyewe swali gumu kupita yote, kitabu ambacho masinagogi husoma kila mwaka alasiri ya Siku ya Upatanisho, watu wakiwa wamefunga, ili wajihukumu.

Samaki wa Dayton

Karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 zilishughulika na samaki. Kilele chake, ikiwa ni kilele, ni mji mdogo wa Dayton, jimbo la Tennessee nchini Marekani, Julai 1925. Mwalimu John Scopes alishtakiwa kwa kufundisha nadharia ya mageuko ya viumbe. Kwa sababu ya joto mahakama ilihamia nje, na wakili Clarence Darrow akamhoji William Jennings Bryan, mtu aliyewahi kugombea urais mara tatu, kama anaamini kwamba nyangumi alimmeza Yona. Bryan alijibu kwamba Biblia anayoisoma yeye inasema samaki mkubwa, na kwamba anaamini katika Mungu awezaye kumfanya samaki na kumfanya mtu na kuwatumia wote wawili apendavyo. Kwa upande wa lugha Bryan alikuwa sahihi; Kiebrania kinasema samaki mkubwa. Watu walicheka, wengine walishangilia, na Bryan alifariki kabla ya wiki kwisha.

Mmoja aliitetea Biblia, mwingine aliidhihaki, na wote wawili walikubaliana juu ya jambo moja: kwamba habari ya Yona ni habari ya samaki. Samaki anatajwa katika aya tatu tu kati ya 48. Mjadala wa Dayton ulibaki baharini, na sehemu kubwa ya mahubiri yetu imebaki huko pamoja nao.

Waliorudi kwenye ufundi wa hadithi walitoka njia mbalimbali. Hermann Gunkel, mwana wa mchungaji wa Kilutheri, katika ufafanuzi wake wa Mwanzo wa mwaka 1901, aliwafundisha wanazuoni kuuliza hadithi fulani ni ya aina gani na ilisimuliwa wapi. James Muilenburg, aliyekuwa amefundisha New York, aliwaambia wanazuoni wenzake mwaka 1968 kwamba kujua aina hakutoshi; kila simulizi ina umbo lake lenyewe, na umbo hilo ndilo linalobeba maana. Mwanafunzi wake Phyllis Trible alikuwa amekwisha kuandika tasnifu yake juu ya Yona mwaka 1963, na mwaka 1994 akatoa kitabu kizima cha mbinu hiyo, akipita Yona neno kwa neno. Jonathan Magonet, rabi wa Uingereza, alifanya utafiti wake juu ya mbinu za kifasihi za Yona huko Heidelberg, ukatoka kitabu mwaka 1976. Sipiti juu ya jambo hili bila kusita: rabi, nchini Ujerumani, miongo mitatu baada ya maangamizi, akihesabu maneno ya kitabu kinachouliza kama mji wa adui una haki ya kuhurumiwa.

Basi kwa ndugu yetu wa mwaka wa pili nasema hivi. Waliopuuza sanaa ya kitabu hiki hawakukilinda. Wengine waligombania mmea, wengine walimtwika Myahudi swali lao, wengine walibishana juu ya koo la samaki. Mandhari, wahusika na msuko havimshushi nabii. Vinatuzuia sisi tusichague kiti chetu wenyewe ndani ya hadithi.

Nayajua haya si kwa vitabu tu. Nilipokuwa mchungaji kijana nilipangiwa usharika wa milimani ambako karibu nusu ya waumini walikuwa wamejitenga kwa ugomvi uliohusu uongozi na mali. Waliobaki walikuwa na uchungu, nami nilikuwa nao upande mmoja. Jumapili moja nilihubiri juu ya Yona. Nilieleza kukimbia, nikaeleza dhoruba, nikaeleza kwamba mtu mmoja mwasi huwahatarisha wote walio chomboni. Hakuna aliyekuwa na shaka ninamsema nani. Nilimaliza kwa sala ya tumboni mwa samaki na mwito wa kutubu na kurudi, na watu walisema amina kwa nguvu kuliko kawaida.

Mlangoni, baada ya ibada, nilimpa mkono mama mmoja mzee, mjane wa mwinjilisti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba mchungaji. Umehubiri vizuri. Ila umekomea baharini." Hakuuachia mkono wangu. "Yule aliyekwenda kukaa nje ya mji, akangoja uteketee, hapa kwetu ni nani?"

Nyuma yake foleni ilikuwa ikisubiri. Nilisema tutaongea, na hatukuongea.

Masinagogi, wanapomaliza kusoma Yona ile Siku ya Upatanisho, huongeza mwishoni aya tatu za Mika, zile zinazomsifu Mungu asameheye uovu. Naelewa kwa nini. Ni vigumu kuwarudisha watu nyumbani na swali tupu. Darasani huwataka wanafunzi wasome sura ya nne kwa sauti hadi wanyama wale wengi, kisha waketi. Karibu kila mwaka yuko mmoja anayeongeza maneno yake mwenyewe kabla ya kuketi, akitueleza kwamba bila shaka Yona alitubu.

Mama yule alifariki miaka mitatu baadaye, nikiwa bado pale. Alikuwa na watoto pande zote mbili, na usiku wa kuamkia mazishi wazee walijadiliana hadi alfajiri nani aongoze ibada ya kaburini. Waliamua tuongoze wawili, mimi na mchungaji wa waliojitenga. Yeye alisoma somo la kwanza, mimi la pili, na kwaya zote mbili ziliimba.